Nimehamia Njombe, baridi inatumaliza. Jiko la mkaa chumbani na beseni la maji pembeni: ni salama kweli?

#1 Mtoto wa Kilwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamishiwa Njombe tangu mwezi wa tatu, natokea Kilwa. Niliambiwa kuna baridi nikasema baridi gani, si nitavaa sweta. Tumeingia Juni, nimenyooka. Nyumba niliyopanga ni ya tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna, madirisha mawili yana nyavu tu bila vioo. Ikifika saa mbili usiku, ndani na nje ni kitu kimoja. Nina mke na mtoto wa miezi mitano, na mshahara ni wa mwalimu anayeanza, mnaujua.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenyeji wa hapa, kanielekeza hivi: washa jiko nje mpaka moshi uishe, mkaa ukishakolea ukawa mwekundu liingize chumbani, weka beseni la maji pembeni livute sumu, mlale. Anasema watoto wake wote kawalea hivyo na wapo wazima, mmoja ni askari. Mke wangu ameshakubali. Mimi roho inasita.

Beseni linasaidia kweli? Na kama si jiko, mtu wa kipato changu huku anapataje joto?

#2 Mnyalu Mstaarabu

Karibu nyanda za juu. Beseni linasaidia, sisi Mufindi tumelala hivyo tangu wadogo. Cha muhimu mkaa uwe umeshika vizuri, na uwe wa miwati, sio wa paini. Ule wenye moshi ndio unaoua.

#3 Jogoo la Shamba

"Nikasema baridi gani." 😂😂 Watu wa pwani bwana. Na hapo uko Njombe mjini, ngoja upangiwe kusimamia mtihani Makete. Kitulo kule ni zaidi ya mita 2,600, unaamka majani yamekuwa meupe kwa barafu na viazi vya watu vimeungua shambani.

#4 Tabibu wa Zamu

Mwalimu, usiingize hilo jiko. Mnyalu hapo juu namheshimu lakini amepindua mambo.

Gesi inayoua kwenye mkaa ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi macho. Moshi mnaoukimbia ndio unaowasaidia, maana moshi unamkohoza mtu anaamka anatoka. Mkaa uliokolea, ule mwekundu mnaouona msafi, unaendelea kutoa hiyo gesi mpaka uzime. Mkishausubiri moshi uishe ndipo mkauingiza ndani, mmetoa kengele mkaacha sumu.

Ukiivuta inaingia kwenye damu, inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Unapumua kama kawaida lakini mwili haupati kitu. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hasikii hata kimoja.

Beseni: hiyo gesi karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Weka beseni, weka pipa, ni mapambo.

Kingine ambacho hamkisemi. Tunapokea familia nzima asubuhi, baba, mama na watoto, wote vichwa vinauma, wote wanatapika, wameshajiandikia malaria. Njombe! Mkoa ambao malaria haifiki hata asilimia moja. Ukiona nyumba nzima imeamka na kichwa kwa siku moja, na wakitoka nje nusu saa wanapata nafuu, muulize jiko lililala wapi.

#5 Mnyalu Mstaarabu

Tabibu sikubishii kitaalamu. Lakini nieleze: babu zetu walilala na moto katikati ya nyumba, kizazi na kizazi. Mbona hawakuisha?

#6 Fundi Mbilinyi wa Bati

#5 jibu ni paa. Nyumba ya nyasi inapumua. Ukisimama nje asubuhi unaona moshi unatoka juu paa zima, haina haja ya bomba. Wewe leo umejenga tofali, umepiga plasta, umeweka bati, mlango umeuzibia na kanga chini, halafu unaingiza moto ule ule wa babu.

#7 Kisura wa Makambako

Mimi naona tofauti ni kuni na mkaa. Kuni zina moshi, mtu hawezi kulala nazo zikiwaka, lazima azitoe au zizime. Mkaa unakaa kimya usiku kucha.

#8 Mzee wa Kahawa Chungu

Nyote mnasema kama vile wazee hawakufa. Nimezaliwa 1956, nimeziona. Mtu analala mzima na mkewe, asubuhi hawaamki, mwili hauna jeraha, mashavu yana wekundu kama wamelala tu. Ilisemwa wamerogwa. Ugomvi wa shamba unafufuliwa, jirani anahama kijiji. Nani alihesabu?

#9 Tabibu wa Zamu

Shikamoo mzee. Huo wekundu uliousema upo kabisa kwenye vitabu vyetu.

#10 Kwale Boy

Mimi nilisikia hiyo gesi ni nzito inakaa chini, kwa hiyo ukilala kitanda cha juu au ukiweka jiko sakafuni wewe uko juu hupati shida. Ni kweli?

#11 Chemia Kidato cha Sita

#10 hapana. Nzito ni kaboni dioksidi, uzito wake 44. Hewa ya kawaida inakaribia 29. Kaboni monoksidi ni 28, yaani inalingana na hewa, tena nyepesi kidogo, na inatoka kwenye jiko ikiwa ya moto kwa hiyo inapanda. Itajaa chumba chote. Kitanda cha juu hakikuokoi na cha chini hakikuokoi.

#12 Kwale Boy

Asante dogo. Nafuta ushauri niliompa shemeji.

#13 Mama Pacha

Mwalimu achana na kupasha CHUMBA. Hapo ndipo hela inapotea. Chumba chenye nyavu dirishani ukipashe na nini? Pasha kitanda na pasha mtu.

Bei ya gunia moja la mkaa hapa mjini unapata blanketi mbili nzuri za mtumba, zile nzito za sufu, na hazimalizwi na moto. Nenda sokoni siku wanafungua mzigo, asubuhi.

Kosa la wageni ni kurundika mablanketi juu. Baridi inakupanda kutoka chini! Godoro la sponji jembamba juu ya chaga zenye nafasi, upepo unapita chini yako usiku kucha. Tandika maboksi chini ya godoro, juu yake blanketi moja au gunia safi la katani, ndipo shuka. Utaona tofauti usiku huo huo.

Maji ya moto kwenye dumu la lita tatu au chupa ya kuwekea maji ya moto, lifunge vizuri, lizungushie taulo, liweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Mtoto akiingia kitandani, dumu linatoka. Usimwachie mtoto mdogo kitu cha moto, ngozi yake inaungua na kilicho vuguvugu kwako.

Kulala na soksi kavu, sio zile ulizoshinda nazo kutwa. Mzula kichwani.

#14 Jogoo la Shamba

Mzula kichwani mpaka asubuhi halafu mke anadhani kalala na kibaka.

#15 Mama Pacha

😂 Mke naye avae wake.

#16 Mtu wa Luku

Kabla hujashauriwa hita ya umeme, piga hesabu na mimi. Hita ndogo ya kawaida ni wati 2,000. Masaa manne kila usiku ni yuniti 8. Mwezi mzima ni yuniti 240. Kama mita yako iko kwenye ile bei ya wananchi wa matumizi madogo, unaruhusiwa yuniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 122 kodi zikiwemo, zinazozidi hapo bei inaruka mara kadhaa. Sasa ongeza taa, pasi na simu. Na ukizoea kupitiliza unaweza kuhamishwa kundi, yaani hata yuniti ya kwanza unailipa bei kubwa, 350 na kitu kodi zikiwemo. Kwa bei hiyo kubwa hita peke yake ni kama elfu 85 kwa mwezi, halafu joto lote linatokea dirishani kwenye nyavu.

#17 Niko Minnesota

Nasoma hapa nacheka na kulia. Mimi niko Minnesota, mwezi wa kwanza nje inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, ndani navaa kaptula. Nilipokuja likizo Makambako mwezi wa saba, nyuzi tano tu za usiku, nililala na koti na viatu. Baridi ya kwetu iko NDANI ya nyumba. Huku kuta zimejazwa kitu kama sufi, vioo ni viwili viwili, dari ina godoro juu yake.

Na kuna kifaa kidogo cha kupachika ukutani kinachopiga kelele hiyo gesi ikizidi. Nimewaletea wazazi kimoja.

#18 Mtu wa Luku

#17 bili ya hiyo kaptula umeificha.

#19 Niko Minnesota

Bili inauma mkuu. Kuna miezi joto linashindana na kodi ya nyumba. Wabongo wengi hapa tunashusha kipimo usiku na kuwasha blanketi la umeme, lile linakula kama wati 100 hivi, usiku mzima haifiki hata yuniti moja. Ila msinunue la mtumba, nyaya za ndani zikishakunjwakunjwa linawasha kitanda. Na letu huku ni la volti 120, ukilichomeka Njombe umekwisha.

#20 Fundi Mbilinyi wa Bati

Nirudi kwenye nyumba ya mwalimu. Shida yako namba moja ni dari. Bati ni chuma chembamba, usiku usio na mawingu linapoa kuliko hata hewa yenyewe, na Juni na Julai hapa anga linakuwa jeupe kabisa. Ndiyo maana alfajiri linadondosha maji kitandani, sio mvua, ni pumzi zenu. Joto lote mlilotoa linapanda linakutana na hilo bati.

Mwenye nyumba hatakuwekea dari, usijidanganye. Fanya hivi: nunua viroba vitupu vya mahindi, viunge kwa sindano ya gunia, pigilia kwenye kenchi za chumba kimoja tu, kile mnacholala. Juu yake tandaza maboksi. Madirisha ziba kwa nailoni nzito ya kupimiwa, ile ya kuanikia, pigilia na vipande vya mbao. Unaacha upenyo juu hewa ipite, mnapumua watu watatu mle. Ukihama unang'oa unaondoka nayo.

Ukishindwa hata hiyo, kamba nne juu ya kitanda, tandika shuka nene juu ya chandarua. Mnakuwa mnapasha hewa ya kitandani tu badala ya chumba kizima.

#21 Bi Mkubwa wa Ludewa

Fundi umesema yote ila umesahau jua. Huku Juni usiku ni adhabu lakini mchana jua ni la bure. Godoro na mablanketi nje saa nne, yaingie saa tisa, yasisubiri jioni yakanywa umande. Godoro lenye unyevunyevu halipati joto hata ulale na nani. Madirisha wazi mchana, yafungwe saa kumi. Wengi mnafunga kutwa nzima mnafungia baridi ya jana ndani.

#22 Niache Nilale

Mbona hamjataja komoni, pombe yetu ya kienyeji? Kikombe kimoja saa moja jioni, huulizi blanketi liko wapi.

#23 Tabibu wa Zamu

#22 ndiyo, na saa nane usiku unalitafuta. Pombe inafungua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakuja juu, unasikia raha, kumbe joto la ndani linatoka. Waliolala njiani kutoka kilabuni mwezi wa saba tunawapokea.

#24 Niache Nilale

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, umeisha, komoni imekatazwa, jiko limekatazwa. Bora nihamie Kilwa, mwalimu aje kukaa kwangu.

#25 Wa Kinangop

Wadau wa TZ mko aje. Mimi ni wa Kinangop, Kenya, baridi yenu naielewa sana. Huku pia kila Julai hukosi kusikia familia imelala na jiko ikafa. Na si watu hawajaambiwa. Redio inasema, chifu anasema kwa baraza. Shida ni ile nyumba ya mabati pande zote, saa nane usiku, na mtoto analia.

Kwetu tulikubaliana hivi: jiko inawashwa jioni, mlango wazi, watu wanaota moto wakila. Saa ya kulala jiko inatoka nje, hata kama makaa bado ni ya kesho. Mama yangu alikuwa anamwagia jivu akiiweka nje chini ya paa la jikoni, asubuhi anachokora anapata moto. Haipotei.

#26 Mnyalu Mstaarabu

Hiyo ya kuota moto kisha kutoa naikubali. Kumbe hata bibi yangu ndivyo alivyofanya, jiko la kuni lilikuwa nyumba ya pembeni, tulikuwa tunaota huko mpaka usingizi unatushika ndipo tunabebwa kwenda kulala. Huo mtindo wa kuingia nalo chumbani umekuja na nyumba za kupanga, chumba kimoja, jiko halina pa kukaa.

#27 Kisura wa Makambako

#26 sawa lakini #8 amesema wazee walikufa na #6 amesema paa lilipumua. Mnachagua lipi?

#28 Mzee wa Kahawa Chungu

Mimi sichagui, nimesema nilichokiona.

#29 Mama Sadiki

Naomba niongee na mwenye mtoto mgonjwa. Wangu ana selimundu (sickle cell). Baridi ikimpiga tu, maumivu ya miguu na mgongo yanaanza, tunaishia wodini. Nilichojifunza hospitali na kwa wenzangu: maji anywe mengi hata kama hana kiu, ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Nguo nyembamba mbili tatu ni bora kuliko sweta moja nene, akitoka jasho unavua moja, asilowe. Haogi asubuhi, anaoga saa saba jua likiwa kali. Soksi na glovu za kufumwa, natengeneza mwenyewe kwa nyuzi za sweta la mtumba lililochanika, sweta moja la mtu mzima linatoa jozi nyingi.

Mwenye mtoto wa hivi asisubiri Juni ndipo aanze kutafuta blanketi.

#30 Tabibu wa Zamu

Mama umeongea vizuri kuliko mimi. Niongeze wenye presha na wenye pumu. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, kwa hiyo dawa za miezi hii zisirukwe. Pumu inachokozwa na hewa baridi na inachokozwa na moshi, kwa hiyo huyo hata ile ya kuota moto jikoni akae mbali.

#31 Mtoto wa Kilwa

Nimesoma yote, asanteni. Jiko halijaingia. Jumamosi nilipata blanketi mbili sokoni na nimeziba madirisha kwa nailoni, nimeacha upenyo juu kama fundi alivyosema. Maboksi chini ya godoro nilipewa bure duka la vifaa. Kitandani kumebadilika kabisa, Mama Pacha ubarikiwe.

Sasa nina matatizo mawili. La kwanza, mtoto anakohoa tangu juzi. Jirani anasema ni kwa sababu nilimkatalia joto la jiko. Mke wangu ananiangalia kwa jicho ambalo silipendi.

La pili ni huyo mama mwenyewe. Ametusaidia mengi tangu tufike, maziwa analeta yeye, mtoto anambeba mgongoni mke wangu akifua. Nikimwambia beseni lake ni mapambo, nitakuwa nimemtukana. Nimwambieje?

#32 Tabibu wa Zamu

Mtoto kwanza. Akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Umri wake, zikifika 50 au zaidi, au mbavu za chini zinaingia ndani akivuta hewa, au amegoma kunyonya, au analegea, nenda kituo usiku huo huo, usingoje majibu ya humu. Kama ni kikohozi na kamasi na ananyonya vizuri, mnyonyesheni zaidi, mwekeni kifua kwa kifua na mama chini ya khanga na blanketi moja. Asirundikiwe mablanketi mpaka usoni. Gusa kifua chake, si vidole. Vidole vya mtoto vinakuwa baridi hata akiwa na joto la kutosha.

#33 Kwale Boy

Kikohozi cha watoto msimu huu kinaletwa na nini hasa? Ni baridi yenyewe?

#34 Kisura wa Makambako

Ni vumbi. Juni barabara zetu ni vumbi tupu na magari ya magogo.

#35 Chemia Kidato cha Sita

Ni virusi. Baridi haina vijidudu. Watu wanajifungia ndani, wanapumuliana, mmoja anawapa wote. Ungekuwa mtoto peke yake juu ya Kitulo usingeumwa mafua.

#36 Bi Mkubwa wa Ludewa

Chemia, huna mtoto wewe. Mtoto akilala wazi usiku mmoja, asubuhi kamasi. Hao virusi walikuwa wapi mwezi wa kumi?

#37 Tabibu wa Zamu

Chemia yuko sahihi kuhusu virusi, na Bi Mkubwa hayuko mbali, hewa baridi na kavu inakausha pua na virusi vingine vinaishi zaidi ndani yake. Lakini mmeruka moshi. Shirika la Afya Duniani limesema miaka mingi kwamba moshi wa kupikia ndani unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya homa ya mapafu kwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto anabebwa mgongoni jikoni kutwa, halafu tunalaumu dirisha.

#38 Bi Mkubwa wa Ludewa

Nimekuelewa daktari. Lakini na baridi ipo.

#39 Mzee wa Kahawa Chungu

Mwalimu, kuhusu jirani yako. Usimwambie amekosea. Nenda na mkeo jioni, mpelekee kilo ya sukari, mshukuru kwa maziwa. Mwambie mtoto kifua chake chepesi, kituoni wamekataza moto chumbani. Huyo mama hatagombana na kituo. Kisha mwombe akufundishe kitu kingine anachokijua, ili asione ushauri wake wote umetupwa. Kina mama wa huku kwa uji hawana mpinzani.

#40 Jogoo la Shamba

Mzee hapo umemfundisha uongo wa heshima.

#41 Mzee wa Kahawa Chungu

Uongo uko wapi? Tabibu si wa kituoni?

#42 Mama Pacha

Ila mjue na huyo mama naye bado analala na jiko. Kumlinda mtoto wa mwalimu tu na kumwacha yeye hapo jirani, mimi hainikai. Mke wa mwalimu amwambie polepole, wanawake kwa wanawake, wakiwa wanachambua mboga. Sio siku moja, kidogo kidogo.

#43 Jogoo la Shamba

Tukiwa kwenye uji: mikoa yetu hii ndiyo ghala la chakula, mahindi, viazi, maharage, maziwa, parachichi mpaka zinaoza. Na bado kwenye utafiti wa afya wa 2022 Iringa, Njombe na Rukwa ndizo zilizokuwa juu kwa watoto waliodumaa, Njombe karibu nusu ya watoto. Nani anaweza kunieleza?

#44 Kisura wa Makambako

Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto anaachiwa kaka yake wa miaka saba na bakuli la ugali.

#45 Mnyalu Mstaarabu

Tunauza. Yai, maziwa, maharage, vyote vinapanda fuso. Tunabaki na unga.

#46 Niache Nilale

Na mzee wa nyumba yuko komoni. Najisemea mwenyewe kabla hamjanisema.

#47 Bi Mkubwa wa Ludewa

Huo ni uzi mwingine, fungueni. Hapa mwalimu anataka joto. Uji wa ulezi, karanga za kusagwa ndani, maziwa kidogo, mama anayenyonyesha anywe usiku kabla ya kulala. Chakula chenye mafuta kinampa mtu joto usiku. Na maharage yachemshwe jioni badala ya mchana, moto ule ule wa kupikia uwe ndio wa kuota, huko jikoni, mlango wazi.

#48 Fundi Mbilinyi wa Bati

Kwa moto wa kuota wa bei rahisi, ulizieni jiko la maranda. Viwanda vya mbao Mafinga na Njombe maranda yanatupwa, unaenda na gunia unapewa bure au kwa hela ya soda. Chukua kopo kubwa la rangi, toboa tundu chini pembeni, simamisha chupa katikati, nyingine ipite kwenye tundu la chini, shindilia maranda makavu kwa nguvu mpaka juu, chomoa chupa zote taratibu. Washa kwa chini. Linawaka masaa mengi bila kuongezwa. Moshi wake mwanzoni ni mwingi, na sumu ya Tabibu iko humo pia, kwa hiyo ni la barazani.

#49 Wa Kinangop

Hiyo kopo ya maranda naijaribu wikendi. Yakiwa na unyevu kidogo inashika?

#50 Fundi Mbilinyi wa Bati

Haishiki, inafuka tu. Yaanike kwanza.

#51 Mtoto wa Kilwa

Mtoto tulimpeleka, wamesema ni mafua, mapafu safi. Kwa jirani tulikwenda na sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Basi sawa mwalimu, lakini mimi beseni langu silitoi." Mke wangu amechukua zamu ya kuchambua naye mboga.

Fundi, viroba vya dari kwa chumba cha futi kumi kwa kumi vinaenda vingapi?

#52 Fundi Mbilinyi wa Bati

Vikifunguliwa mshono vikawa bapa, andaa kama kumi na viwili, vingine vitaliwa na kukunjia pembeni. Usipigilie misumari mitupu, weka vizibo vya soda, la sivyo vinachanika wiki ya kwanza.

#53 Mpangaji Mzoefu

Nimechelewa kufika. Fundi, dari ya viroba nimekaa nayo, panya wanahamia juu ya yale maboksi na usiku wanacheza mpira. Na hoja yako ya paa la nyasi kupumua siikubali. Nyumba ya nyasi ya bibi yangu Lupembe ilikuwa na joto kuliko ya bati HATA BILA moto. Kama inatoa moshi wote juu, mbona joto halitoki?

#54 Fundi Mbilinyi wa Bati

Kwa panya weka viroba tu bila maboksi, au funga paka. Kuhusu nyasi, unene ule ni wa futi nzima, hewa inapita polepole. Moshi unapenya, joto linachelewa.

#55 Chemia Kidato cha Sita

Au ni ukuta wa udongo, sio paa. Udongo mnene unatunza jua la mchana.

#56 Mpangaji Mzoefu

Ukuta wa bibi ulikuwa wa mianzi na udongo mwembamba, mkono unapita.

#57 Fundi Mbilinyi wa Bati

Basi bibi yako alikuwa na ng'ombe ndani.

#58 Mpangaji Mzoefu

Mbuzi. Wanne.